Gari la Njano na Kinywaji cha Mashahidi

Mwaka 2022, kiangazi kirefu kikiwa ndiyo kwanza kinaanza na vumbi jekundu la Kigali likirudi kukaa kwenye madirisha yangu, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, mjane wa mwaka wa tano, na dereva wa siku moja. Leseni yangu ilitolewa Jumanne, tarehe 7 Juni. Naitaja tarehe hiyo kwa sababu ndugu za marehemu mume wangu wamezoea kusema kwamba nilianza kuendesha gari "uzeeni", nami sipendi maneno yasiyo na tarehe.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Katika maisha yetu yote ya ndoa nilikaa upande wa abiria nikiwa nimepakata mfuko wa chakula, na hakuna siku aliyonikabidhi usukani, hata gari likiwa limesimama uani na injini imezimwa. Haikuwa roho mbaya. Wako watu wasioazima mswaki, na yeye hakuazima usukani. Alipofariki, tarehe 19 Februari 2018, nilikuwa naijua barabara ya kutoka Kigali hadi Karagwe, ambako nililelewa, kona kwa kona, lakini sikujua klachi iko upande gani.

Kuchelewa hakunitishi. Cheti cha kumaliza sekondari nilikipata nikiwa na miaka arobaini na saba, baada ya kukaa dawati moja na wasichana walioniita Mama hata katikati ya mtihani. Kwa hiyo nilipoamua kujifunza gari, nilikisoma kitabu cha sheria za barabarani kama nilivyosoma historia, nikafaulu mtihani wake. Mtihani wa vitendo, hapa mjini kwetu, huwaangusha wengi kwenye kipengele kimoja: unasimamisha gari kwenye mwinuko, unavuta breki ya mkono, kisha unaondoka bila gari kurudi nyuma hata kidogo. Mimi hicho ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Ile nukta ambapo injini inaishika klachi, gari linatetemeka kidogo kama mtu aliyeitwa jina lake, nawe unaiachia breki na mlima unakubali: sikuwa nimewahi kuhisi kitu kama hicho, na nilitaka kukihisi kila asubuhi nikienda dukani kwangu.

Ndipo nikatangaza kwamba nitanunua gari lililotumika. Masharti yangu yalikuwa matatu. Bei isinilazimishe kukopa. Gari lisinilaze barabarani. Na linifurahishe. Ukoo ulikubali sharti la kwanza, ukapongeza la pili, ukashikwa na kikohozi kwenye la tatu.

"Likufurahishe namna gani?" aliuliza shemeji yangu. "Gari si ngoma."

Huyu shemeji ni mdogo wake marehemu, mtu mrefu mwenye suti tatu na fimbo moja ya sherehe, na kazi yake inayojulikana ni usemaji wa ukoo. Posa ikipelekwa popote Kigali, yeye hukaa mstari wa mbele upande wa bwana harusi, akitupiana vijembe na msemaji wa upande wa pili hata saa nzima, mpaka kinywaji kiletwe na binti atolewe. Hajawahi kurudi bila binti. Anapenda kulisema hilo, hata asipoulizwa.

"Nikikata kona," nilimjibu, "nataka nijue kwamba nimekata kona."

"Mjane anahitaji gari lenye viti," alisema.

"Nina mwili mmoja, shemeji."

"Una ukoo."

Hapo nikaelewa mambo yamekaaje. Ndani ya ukoo ule hapakuwa na gari hata moja, na tayari walikwisha kunipangia harusi mbili, ubatizo mmoja, na safari ya kumpeleka shangazi yao kwa daktari wa macho. Gari walilolitaka lilikuwa la kijivu, refu, la viti saba. Nililotaka mimi sikuwa nimeliona bado, lakini nilijua kwamba halikuwa la kijivu.

Mimi na shemeji tulianzia Gatsata, kwenye magereji, kwa sababu kila mtu Kigali huanzia huko. Sikujifunza mengi. Fundi wa kwanza alisema gari la kuaminika ni lile tu ambalo vipuri vyake vinapatikana kwake. Wa pili alisema gari la kuaminika ni lile ambalo halikupita kwa wa kwanza. Wa tatu alinitazama kitambaa changu cha kichwa, akamgeukia shemeji na kumwambia, "Mzee, mama atapenda la otomatiki." Nilimwuliza mama huyo yuko wapi, ili nimsalimie.

Jumapili, tarehe 3 Julai, shemeji alinipeleka Gahanga kuona gari alilosikia habari zake. Mwenyewe alikuwa mstaafu mnene, mpole, mwenye nyumba mpya katikati ya migomba ya zamani, na Kiswahili chake alikiokota Kongo. Gari lilikuwa chini ya kibanda cha mabati: la kijivu, refu, la viti saba.

"Mama, gari iko nzuri," alisema. "Iko na nafasi. Inabeba ng'ombe kama unataka."

Sikutaka kubeba ng'ombe, lakini niliketi, nikaliendesha hadi barabara ya Bugesera na kurudi. Kusema haki, halikuwa bovu. Lilikuwa gari la heshima. Ukigeuza usukani, linatafakari kwanza, kisha linakubali kwa niaba ya magurudumu yote. Kuliendesha kulikuwa kama kuongoza kikao. Niliporudi nikamkuta shemeji anaomba kukaa kiti cha mbele, kisha cha kati, kisha cha nyuma kabisa. Aliilaza fimbo yake sakafuni toka kiti hadi kiti kama anayepima godoro.

Yule mzee alituketisha nyuma ya nyumba pamoja na majirani wake wawili, akatoa pombe ya ndizi aliyoipika mwenyewe. Mimi nilitoka kuendesha, na nilitarajia kuendesha tena, kwa hiyo nilikunywa maji ya chupa niliyokuja nayo. Shemeji alikunywa. Na shemeji, akinywa chochote ugenini mbele ya watu zaidi ya watatu, lazima asimame. Ni mazoea ya kazi. Akasimama, akaegemea fimbo yake.

"Wenye nyumba," alisema, "tulitoka kwetu tukiwa na kiu na haja. Kiu mmeituliza. Haja mmeiona. Tumekuja, tumetazama, tumeridhika. Mlichotupa tumekipokea, na kuanzia leo sisi ni watu wenu."

Majirani wawili wakapiga makofi. Nilidhani wanashangilia ufasaha.

Sasa lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa rika langu hapa kwetu analijua. Mtu akinunua kitu kikubwa, iwe ng'ombe, kiwanja au gari, huwa na mashahidi, na kuna kinywaji cha mashahidi. Wakishakinywa, hakuna wa kugeuka nyuma. Shahidi atakayekana alichokinywea hatakaribishwa tena popote. Siku hizi kuna mthibitishaji wa mikataba kwenye ofisi ya sekta, yaani ya serikali ya mtaa, na muhuri wake una nguvu ya sheria. Lakini kwa wazee muhuri ni nakala, kinywaji ndicho asili.

Sikuliwaza hilo siku ile, kwa sababu sikuwa nimenunua kitu. Niliaga vizuri nikaenda zangu.

Gari langu nililiona Jumamosi, tarehe 16 Julai, huko Niboye. Muuzaji alikuwa fundi cherehani, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani na mzigo wa vitambaa akaja kuoa huku. Macho yake yalikuwa yanapungua nguvu na daktari alimkataza kuendesha. Kwenye simu aliniambia nije alfajiri, kabla ya injini kuwashwa.

"Gari ukilikuta lina moto," alisema, "limeshaambiwa la kusema."

Lilikuwa dogo, la milango miwili, la gia za mkono, na rangi yake ilikuwa njano ya ndizi iliyoiva. Viti alivishonea mwenyewe vitambaa vya kitenge kilichobaki kwenye gauni la mkewe. Niliwasha injini ikiwa baridi kama jiwe, ikaitika mara moja. Kisha akaleta kopo la biskuti. Ndani yake kulikuwa na kila kipuri alichokibadilisha tangu alinunue: plagi, vichujio, mikanda, kila kimoja kimefungwa kipande cha kitambaa, na juu ya kitambaa ameshona tarehe kwa uzi mwekundu. Mkanda wa injini: 14 Mei 2019. Nilisoma tarehe zile kama mwingine anavyosoma barua ya posa.

"Kwa nini umezihifadhi?" nilimwuliza.

"Mteja akija kuuliza suruali yake niliishona lini, namwonyesha," alisema. "Gari limenikosea nini?"

Tukatoka, yeye upande wa abiria na utepe wake wa kupimia shingoni. Pale Niboye kuna mwinuko ambao hata waenda kwa miguu huutukana. Nikasimama katikati yake kwa makusudi, nikavuta breki ya mkono, nikaachia. Gari likapanda kama lililosahau kitu huko juu. Kwenye kona ya juu nilitia gia ya pili, likajikunja na kunyooka, na nikajisikia nacheka. Sikuwa nimevuka mwendo wa kilomita arobaini kwa saa. Barabara zetu zina kamera, nami ni mtu wa sheria. Furaha niliyokuwa naitafuta haikuwa ya mbio. Ilikuwa ya kona.

"Linapenda gia ya pili," alisema fundi bila kunitazama. "Utabeba nini, Mama?"

"Mimi."

"Na nini tena?"

"Mkoba wangu."

Ndipo akaniambia kwamba kuna shule ya udereva imekuja mara mbili kulitaka. Wanafunzi wangeimaliza klachi yake kabla ya mvua. Hakutaka kuwapa, lakini mwanawe anamsukuma. Angeningoja mpaka sikukuu ya mavuno, mwanzoni mwa Agosti; nisipokuja na mashahidi wangu kufikia hapo, lingeondoka. Bei tulipatana bila kugombana. Nilimwambia nitakuja.

Jioni ile ile simu yangu ikalia. Alikuwa yule mzee wa Gahanga.

"Mama, gari iko yako, nimejaza tairi upepo. Jana mtu alikuja kuitaka, nikamwambia imekwisha nunuliwa. Unakuja lini?"

Nilimwambia kwa adabu kwamba sijanunua gari lake.

"Mama," alisema, kwa masikitiko ya kweli, "pombe ilinywewa. Msemaji wenu alipokea. Majirani wako na ushahidi."

Hakuwa tapeli. Ningefurahi angekuwa tapeli. Alikuwa mtu mwaminifu aliyemfukuza mnunuzi mwingine kwa kuheshimu neno la ukoo wetu.

Jumapili, tarehe 24 Julai, nilimwita shemeji nyumbani. Alikuja na suti ya pili, ile ya kuombea radhi, jambo lililonionyesha kwamba alikwisha kupata habari.

"Shemeji," nilimwambia, "ulininunulia gari."

"Nilishukuru kwa pombe."

"Ulisema tumeona, tumeridhika, tumepokea."

"Hivyo ndivyo ninavyosema kila mahali."

"Na kila mahali unaondoka na binti."

Alishika fimbo yake kwa mikono miwili. Baadaye alisema, kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea, "Ukilikana neno langu mbele ya mashahidi, nani atanituma tena kuposa? Nitaenda kusema nini, na nani atanisikiliza? Lile ni gari zuri. Lina viti. Chukua, Mke wa Kaka, tuokoe jina."

"Na la njano?"

"Lina milango miwili. Wazee wataingiaje nyuma?"

"Hawataingia."

Alinitazama kama mtu aliyesikia tusi ambalo haliko kwenye orodha yake. Mimi nilikuwa na hasira, lakini pia nilimwonea huruma, na hivyo viwili havikai vizuri kwenye kifua kimoja. Sikutaka jina lake livunjike. Wala sikutaka kumaliza maisha yangu nikiongoza kikao cha magurudumu manne.

Nililala nalo jambo hilo wiki nzima. Jumapili, tarehe 31 Julai, tukarudi Gahanga, mimi na shemeji. Mzee wa pale alikuwa ameliosha gari na kuwaita majirani wawili wale wale. Tukakaa nyuma ya nyumba. Pombe ikaletwa. Shemeji akaitazama kama mbwa aliyewahi kuungua anavyotazama jiko.

Nikaomba ruhusa ya kuuliza maswali, nikapewa.

"Mzee wangu," nilisema, "katika desturi yetu kinywaji cha mashahidi hununuliwa na nani?"

"Na mnunuzi."

"Na ile pombe ya tarehe 3 Julai ilikuwa ya nani?"

Aliangalia kibuyu, kisha migomba yake. "Ilikuwa yangu."

"Kwa hiyo, kwa desturi, siku ile wewe ndiye uliyejinunulia gari lako."

Jirani mmoja alicheka mpaka akapaliwa, mwenzake akawa anampiga mgongoni. Mzee mwenyewe akatabasamu, lakini hakukubali kushindwa kirahisi. "Basi msemaji wenu alisimama kufanya nini? Alikuwa anaimba?"

Wote wakamgeukia shemeji.  Hapo ndipo nilipokuwa nimepanga kufika.

"Shemeji yangu hasemi maneno ya bure," nilisema. "Alisema tumeridhika na tumepokea, na neno lake linasimama. Nawauliza tu mashahidi: alitaja jina langu?"

Majirani wakafikiri. Hapana, hakunitaja.

"Alisema mimi, au alisema sisi?"

Alisema sisi. Walilikumbuka vizuri, kwa sababu walipiga makofi.

"Basi mimi si sisi," nilisema. "Mimi nilikunywa maji yangu. Sisi ni ukoo, na ukoo huu hauna gari, na kila mwezi una posa mahali fulani. Msemaji wake huenda kuomba mabinti akiwa amepakiwa nyuma ya pikipiki, na fimbo imetokeza pembeni kama antena."

"Hilo ni kweli," alisema mzee wa Gahanga. "Siku ile mlikuja na teksi. Niliona haya kwa niaba yenu."

  Shemeji alisimama, akaenda kwenye kibanda cha mabati, akafungua mlango wa lile gari la kijivu, akaingiza fimbo yake na kuilaza sakafuni. Akatazama mbele, akatazama nyuma, akahesabu viti kwa kidole ingawa alijua ni saba. Kisha akarudi.

"Fimbo inaenea," alisema.

Akawapigia ndugu zake simu pale pale kuwaomba mchango, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alipojaribu kupinga alimkumbusha harusi aliyomsemea. Nusu saa baadaye ukoo ulikuwa na gari. Aliagiza kreti ya bia kutoka duka la barabarani kwa pesa zake mwenyewe, maana mnunuzi ndiye anayenunua, na safari hii aliinywa akijua anachokinywa. Akatoa hotuba tena. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, na ilikuwa na majina.

Tukiwa njiani kurudi ndani ya lile gari la kijivu, yeye mbele na mimi, kwa hiari yangu, kiti cha nyuma kabisa, kijana wa jirani akituendeshea kwa kuwa mimi nilikataa, shemeji aligeuka.

"Ulijua nitalinunua."

"Niliona ulivyopima."

"Na ungeniacha niaibike kama nisingelinunua?"

"Hapana," nilisema. "Lakini ningekuacha utokwe jasho."

Fundi wa Niboye nilimpigia simu kabla ya sikukuu, naye akaiambia shule ya udereva kwamba gari limepata mwenyewe. Alisema aliwaambia kwa heshima. Nina shaka na hilo, kwa jinsi alivyokuwa akicheka.

Alhamisi, tarehe 11 Agosti 2022, tulikutana kwenye ofisi ya sekta mbele ya mthibitishaji: fundi na jirani yake upande mmoja, mimi na shemeji upande wa pili. Shemeji alikuja na gari la kijivu na suti ya kwanza. Tulisaini mkataba wa mauzo, mashahidi wakasaini chini yetu, muhuri ukagongwa. Fundi alinikabidhi funguo na kopo la biskuti, na ndani ya kopo nikakuta kipande cha kitambaa ambacho hakikufungwa kwenye kipuri chochote. Kilikuwa na tarehe ya siku ile kwa uzi mwekundu.

Nje, chini ya kivuli cha ukuta, nilifungua chupa ya chai ya tangawizi niliyoipika alfajiri, kwa kuwa fundi hanywi pombe na mnunuzi nilikuwa mimi. Nikamimina vikombe vinne. Fundi akapokea, jirani yake akapokea. Shemeji aliinua kikombe hadi karibu na midomo, akasita, akakishusha.

"Mke wa Kaka," alisema, "chai hii ni ya nini?"

"Ni ya mashahidi."

"Ya gari gani?"

Nilimwonyesha la njano, lililoegeshwa kwenye mwinuko wa ofisi ya sekta, pua ikielekea juu. Alilitazama vizuri, na milango yake miwili. Kisha akanywa, akasimama, akaegemea fimbo yake, akafikiri, na akaketi tena bila kusema neno.